AC inapuliza joto kila baada ya Magharibi, nimeshatiwa gesi mara 2. Mafundi nisaidieni

BintiTomondo · Jumamosi, saa 4:10 usiku

Assalaam alaykum. Naandika huku jasho linanitoka, mnisamehe nikichanganya maneno.

AC ipo chumba cha mama. Ni split ya BTU 12,000, ya kawaida, si inveta. Tumeinunua mwaka juzi, na mwaka mzima ilikuwa ukiingia chumbani unatafuta shuka. Mwezi wa 11 ikaanza vituko. Mchana inapoa. Ikishaadhiniwa Magharibi, baada ya kitambo kidogo inapuliza hewa ya moto. Feni ya ndani inazunguka kama kawaida, taa yake ya kijani inawaka, baridi hakuna. Inakaa hivyo mpaka saa 5, saa 6 usiku, kisha inapoa yenyewe kama hakukutokea kitu.

Nikamwita fundi. Akaja saa 4 asubuhi, akafunga geji ya kupimia presha ya gesi, akasema imepungua. Akatia, nikalipa 90,000, ikapoa mbele ya macho yangu. Siku zile mvua za vuli zilikuwa zinanyesha na hata usiku ikashika, nikasema alhamdulillahi. Wiki haikwisha ikarudi. Mwezi wa kwanza nikamwita tena, asubuhi tena, gesi tena, 90,000 nyengine. Tangu hapo ndiyo imezidi, sasa inaanza kusumbua hata saa 11 jioni. Jana kaniambia kompresa imekufa, anataka 450,000.

Mama ana presha. Analala barazani kwa ajili ya upepo, na mbu wote wa Tomondo wake.

Ninachouliza ni kimoja: kompresa iliyokufa usiku, mchana inafufukaje?

ShogaWaMwera · saa 4:25 usiku

Shoga, kwanza tazama rimoti. Usicheke. Kwetu tulilala siku 3 tunapikwa, mume wangu ameshampigia fundi, kumbe mtoto alichezea kile kibonyezo cha kubadilisha, alama ya theluji imegeuka jua. Hizi zinazotoka Dubai nyengine zina joto na baridi ndani ya mashine moja. Siku 3 tunanunua umeme wa Tukuza (ule wa kulipia kabla) kwa ajili ya kutengeneza joto, Zanzibar, mwezi wa 2!

Na ikiwa imekaa kwenye alama ya feni peke yake pia inapuliza tu, kompresa haiwaki.

MzeeKikwajuni · saa 4:31 usiku

Joto la kununua. Nimeishi mpaka nimelisikia.

BintiTomondo · saa 4:38 usiku

Nimeangalia, iko kwenye theluji, nyuzi 18. Na chujio nimelitoa nikaliosha wiki iliyopita, lilikuwa na vumbi lakini si la kutisha.

FundiNungwi · saa 5:02 usiku

Wa alaykum salaam dada. Nimesoma mara 2. Hiyo 450,000 iache ilipo.

Kazi hii naifanya mwaka wa 16, sehemu kubwa kwenye mahoteli huku kaskazini. Gesi ya AC si petroli. Gari linakunywa mafuta, AC hainywi gesi. Ile gesi iliyotoka nayo kiwandani inazunguka ndani ya mabomba ya shaba: inachemka kwenye koili ya ndani na kubeba joto la chumba, kompresa inaibana, inakwenda kulitupa joto kwenye koili ya nje, inageuka majimaji, inarudi. Ni ile ile, miaka 10, miaka 15. Ikipungua ujue pana tundu. Anayetia gesi bila kutafuta tundu amekujazia maji ndoo iliyotoboka.

Lakini yako sidhani kama ina tundu. Gesi iliyopungua haijui saa ya adhana. Ingekuwa imepungua ingepoa vibaya mchana kweupe, na mchana ndipo AC inapobeba mzigo mkubwa, jua liko juu ya bati. Yako inashindwa jioni na inapona kuelekea saa 6 usiku. Kitu gani mtaani kwenu kinaanza Magharibi na kumalizika saa 6?

Sasa, ikiwa bado inapuliza joto, toka uani ilipo mashine ya nje ukae nayo dakika 10. Feni yake inazunguka? Kompresa, ile ngoma nyeusi iliyo ndani upande mmoja, inanguruma? Kisha gusa yale mabomba mawili yanayoingia ukutani, pale yalipovuka mpira wake. Waya usiguse hata mmoja. Na usome kibandiko ubavuni, kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake.

Hiyo 18 kwenye rimoti pia ipandishe 24. AC isiyo ya inveta ina kasi moja tu. 18 haiifanyi itoe hewa ya baridi zaidi, inaifanya isipumzike.

BintiTomondo · saa 5:52 usiku

Nimekaa nayo juu ya ndoo iliyopinduliwa, na tochi ya simu.

Feni ya nje inazunguka, na upepo unaotoka ni wa kawaida, wala si moto. Kila baada ya dakika kadhaa inasikika "nnnnnng", kama mtu anajikamua kunyanyua gunia la mchele, sekunde chache tu, na taa ya jikoni inafifia. Kisha "tak!" na kimya. Mabomba yote mawili vuguvugu kama ukuta. Kibandiko kinasema R410A, kilo 0.95.

Saa 5 na dakika 40 hivi ikafanya nnnnng, haikusema tak. Ikaendelea. Upepo wa nje ukawa wa moto, na kabla sijainuka mabomba yameanza kutoka jasho. Mama nimeshamrudisha ndani.

FundiNungwi · saa 6:05 usiku

Dada, kwenye ndoo yako umefanya kazi ambayo mwenye geji hakuifanya mara 3.

Hiyo nnnnng ni kompresa inataka kuanza na haina nguvu za kuanza. Ikikwama inavuta umeme mwingi sana, ndiyo maana taa inafifia, inapata moto, na kinga iliyo ndani yake inakata: tak. Ikipoa inajaribu tena. Wakati wote huo feni ya ndani inapuliza hewa ile ile ya chumbani, na chumba kimeshakuwa tanuri, kwa hiyo mtu anasema AC inapuliza moto. Haikufa. Maiti haitoi jasho kwenye mabomba.

Washukiwa wangu ni wawili. Wa kwanza kapasita, kopo la bati la ukubwa wa kikombe cha kahawa ndani ya mashine ya nje, ndilo linaloisukuma kompresa ianze na liendelee kuishika mkono. Kwa mashine kama yako mara nyingi limeandikwa 35 µF (ndiyo kipimo cha uwezo wake) au karibu yake. Linachoka kwa joto na kwa umri, na likichoka halizimiki, linapungua tu. Kwa nje unaweza kuliona limevimba kichwani, unaweza usione kitu. Lazima lipimwe. Na asilishike mtu asiyejua: hata umeme ukiwa umekatwa linabaki limehifadhi chaji, linapiga.

Wa pili ni volti. Hapo nawaachia watu wa umeme.

Na yule fundi wako, tazama saa alizokuja. Saa 4 asubuhi, mara zote. Saa hiyo AC yako ingepoa hata angesimama akaisomea kasida.

ShogaWaMwera · saa 6:09 usiku

Hahahaa kasida! 180,000 ya kasida.

UmemeFuoni · Jumapili, saa 1:20 asubuhi

Naam, nimeitwa.

Mota ya kompresa haipungui nguvu sawasawa na volti. Nguvu yake ya kujizungusha inakwenda na volti ikizidishwa kwa yenyewe. Yaani ukitoka 230 ukashuka 180, volti imepungua kidogo tu zaidi ya moja ya tano, lakini nguvu ya kuanzia imebaki kama asilimia 60. Na feni haijali, feni ni nyepesi, itazunguka. Ndiyo maana unaona mashine inaishi, feni inaenda, taa inawaka, na baridi hakuna.

Magharibi mpaka saa 6 kila nyumba ina pasi, birika, pampu inayopandisha maji kwenye tangi, na mwezi huu AC. Watu wanasema tuna waya wa baharini wa MW 100 tangu 2013, volti inashukaje. Umeme wa kisiwa kizima kuwa wa kutosha ni jambo moja, na volti inayofika kwenye soketi ya chumba cha mama ni jambo jengine. Katikati pana transfoma ya mtaa, waya wa nguzo, waya wa kuingilia nyumbani na waya wa ndani, na kila kimoja kinakula chake.

Tafuta mwenye maltimita akupimie saa 2 usiku. Apime sehemu 2, kwenye mita na kwenye soketi ya AC, huku AC inajaribu kuwaka. Asipime mchana, mtadanganyana tena.

MzeeKikwajuni · saa 2:00 asubuhi

Volti imeshuka, watu mnalia. Mei 2008 Unguja ilikaa kama mwezi mzima bila umeme, tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3 tena ya kaskazi. AC zilikuwa makabati. Tulilala juu ya dari tukihesabu nyota, na jenereta za Darajani zikilia kutwa kucha. Ila endeleeni, nasoma.

MwanaWete · saa 3:45 asubuhi

Yakhe, mnamzungusha bure huyu dada. AC ikipuliza joto ni gesi, basi. Mie yangu iko Limbani huku Pemba, ya gesi ya R22, ya mtumba, kila kaskazi natia gesi na inapoa mwaka mzima. Mwaka wa 4 huu. Mambo ya kopo na volti ni kumtia hofu mtu.

FundiNungwi · saa 5:10 mchana

Kaka wa Wete, wewe mwenyewe umesema "kila kaskazi". Umeshalipia tundu moja mara 4.

Yako naamini ina gesi pungufu, yake siamini, na tofauti inaonekana bila geji. Gesi ikipungua kompresa inawaka na kunguruma vizuri, ila bomba jembamba linaota barafu au umande peke yake, na bomba nene, ambalo ndilo linatakiwa lipoe na kutoka jasho, linabaki vuguvugu. Ndani koili inapoa upande mmoja, wakati mwengine inaganda barafu kipande. Chumba kinapoa usiku wa manane na kinashindwa mchana. Yake ni kinyume: kompresa haiwaki kabisa, na ikishawaka mabomba yote yanapoa.

Tundu kwetu lipo sehemu chache tu, si la kutafuta kwa ramli. Anza kwenye nati za shaba ya njano nyuma ya mashine ya nje. Bomba linapanuliwa mdomo kwa kifaa kisha linabanwa na nati, mafundi tunaita fleya, na fleya iliyofanywa kwa haraka inavuja taratibu miaka. Tafuta doa la mafuta. Gesi inatembea na mafuta ya kompresa, inapotokea inaacha weusi wenye utelezi na vumbi linaganda juu yake. Ukiona doa hilo, paka povu zito la sabuni, subiri. Kama halitoi mapovu nenda kwenye koili.

Koili ndiyo kilio chetu watu wa visiwani. Huku Nungwi kaskazi inatupiga usoni miezi hii, Paje na Jambiani wao zamu yao ni kusi. Upepo unabeba chumvi, chumvi inakaa kati ya mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba, na bomba la shaba, na metali mbili tofauti zikiwa zimelowana chumvi moja inaila nyengine. Alumini ndiyo inayoliwa. Nimefungua mashine za mwaka wa 3 nikapitisha kidole, mapezi yakamwagika kama unga wa muhogo. Mapezi yakishakwenda joto halina pa kutokea, hata gesi ikiwa kamili, na hewa ya ndani inakuwa ya vuguvugu. Hapo watu wanatia gesi pia! Dawa ni maji matamu, mashine imezimwa kwenye breka, mpira wa bustani usio na kasi kubwa, kila baada ya wiki 2 kwa walio ufukweni. Wa Tomondo hata miezi 2 au 3 wanaweza. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie, unaongeza ugonjwa. Na zile mashine za kupigia gari maji ya kasi zinalaza mapezi yote, hewa haipiti.

Jengine, na hili nalisema kwa nguvu. Kupima uvujaji tunajaza naitrojeni. Ukimwona fundi anataka kujaza oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, mtoe nyumbani. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Na AC mpya nyingi sasa ni R32, gesi inayoweza kushika moto, kwa hiyo sigara na kiberiti mbali.

R22 yako kaka itazidi kuwa ghali. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 na nyongeza zake, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana nayo ifikapo 2030, kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Ukiwa na tundu leo, ziba leo.

MwanaWete · saa 5:31 mchana

Sawa mwalimu. Ila mie napoa.

JiraniMichenzani · saa 9:15 alasiri

Samahani naingilia. Mie niko majumba ya Michenzani, ghorofa za juu. AC yangu haina tatizo la jioni, ina tatizo la kutwa. Fundi kapima gesi nzuri, kompresa nzima, kapasita kabadilisha. Hewa inatoka ya vuguvugu. Chini yangu ghorofa zote wamefunga mashine za nje zimepangana kama vifungo vya kanzu, na mimi wa mwisho juu. Inaweza kuwa ndiyo sababu?

FundiNungwi · saa 9:40 alasiri

Ndiyo. Mashine yako inavuta nyuma yake moshi wa jikoni la watu 5. Hewa waliyoitupa wao inapanda na kukufikia wewe, na AC haiwezi kutupa joto kwenye hewa iliyokwisha kuwa ya moto. Weka kipimajoto nyuma ya mashine pale inapovuta. Nje kukiwa 32 na hapo ukasoma 42, umepata jibu. Isogeze pembeni ya mstari wao hata mita 1 na nusu, au ipande juu ya paa ikiwa wenye jengo wanaruhusu.

Mji Mkongwe wana ugonjwa wa ndugu mmoja. Sehemu ile ni Urithi wa Dunia tangu 2000, huwezi kuning'iniza mashine mbele ya nyumba, kwa hiyo inasukumwa kwenye kiuchochoro cha uani, ukuta huku, ukuta huku, tena inajengewa kizimba cha mabati isiibiwe. Inapumua pumzi yake yenyewe. Kizimba kiwe cha nondo, si cha bati.

BintiTomondo · saa 9:52 alasiri

Uso umenishuka. Yetu ina kizimba cha bati mbele. Alikijenga kaka baada ya jirani kuibiwa mashine nzima usiku.

FundiNungwi · saa 9:58 alasiri

Bati la mbele litoke leo leo.

BintiTomondo · Jumatatu, saa 3:30 usiku

Matokeo. Mtoto wa dada yangu anasoma umeme chuo cha Karume pale Mbweni, kaja na maltimita yake na mwenzake mmoja. Tulisubiri mpaka saa 2 usiku, pampu ya jirani inapiga, ya kwetu inapiga, birika liko juu.

Kwenye mita: 206.
Kwenye soketi ya AC: 181. Ikifanya nnnnng inaanguka mpaka 160 na kitu.

Nikauliza hizo 25 zimekwenda wapi, nyumba yenyewe hii si ya Sultani. Mchana wamepima wakakuta 225 kwenye mita na 219 kwa AC, pampu ikiwa imezimwa.

UmemeFuoni · saa 3:44 usiku

206 mtaani jioni si nzuri lakini AC inaweza kuishi nayo. 181 ndiyo tatizo, na 181 imetengenezwa ndani ya nyumba. Pana kiungio kimelegea, na naweka dau kiko njia moja na pampu. Wazime umeme wote kwenye swichi kuu kwanza, kisha wafungue kila boksi kati ya mita na chumba cha mama. Watafute waya uliogeuka rangi, hasa ule wa nyutro, unaorudisha umeme. Ukifungua boksi utasikia harufu ya samaki aliyeungua kabla hujaona kitu.

Usikimbilie kununua stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti. Stabilaiza mbele ya kiungio kinachoungua inavuta umeme zaidi kufidia, na kiungio kinazidi kuungua. Hivyo ndivyo dari zinavyoshika moto.

BintiTomondo · Jumanne, saa 11:20 jioni

Boksi la koridoni, juu ya mlango wa choo. Wamelifungua, plastiki imeyeyuka upande mmoja kama mshumaa, waya mmoja mweusi kwa masizi, na wawili wamesokotwa tu kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Ni pale tulipoongeza pampu mwezi wa 10.

Mwezi wa 10 pampu, mwezi wa 11 AC inaumwa. Na mimi natia gesi.

Wameukata waya mpaka kwenye shaba safi, wakafunga kiungio cha skrubu na boksi jipya, na pampu wameipa njia yake. Kuna harufu ile ile uliyosema, nilidhani siku zote ni choo.

MzeeKikwajuni · saa 11:35 jioni

Mwanangu, mama yako alikuwa analala barazani, na moto ulikuwa koridoni. Mungu kamtoa kwa joto.

FundiNungwi · saa 2:10 usiku

Bado kapasita, na bado gesi. Ulisema baada ya gesi ya pili tatizo limezidi, likaanza saa 11. Mfumo uliokuwa na gesi kamili ukaongezwa mara 2 umejaa kupita kiasi. Presha ya upande wa nje inapanda, kompresa inaanza na mzigo mzito zaidi. Tafuta fundi mwenye vitu 3: mizani, pampu ya vakyum ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba, na mtungi wa kurudishia gesi. Akija na geji peke yake mpe chai aende.

R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, na kipimo chake kwenye kibandiko ni uzito, kilo 0.95, si mshale wa geji. Tena geji ya R410A ikiwa inafanya kazi upande wa kuvuta inasoma kama psi 110 mpaka 140 (psi ni kipimo cha presha), ya R22 kama 60 mpaka 75. Fundi aliyezoea moja akisomea nyengine anaharibu. Na kupima mashine iliyozimwa hakusemi chochote kuhusu kiasi: kwa joto la nyuzi 30, R410A itasoma karibu 260 iwe imejaa au imebaki nusu, maadamu limebaki tone la gesi ya majimaji ndani.

BintiTomondo · Ijumaa, saa 4:00 usiku

Nimempata, kijana wa Mombasa (Mombasa yetu, si ya Kenya). Nilimwita makusudi baada ya Magharibi, akashangaa.

Kapasita imeandikwa 35, kipimo chake kimesoma 21. Kabadilisha, 20,000. Kisha akaitoa gesi yote kwenye mtungi wake ulio juu ya mizani. Tulikuwa watu 4 tumeinamia ile mizani kama tunapima dhahabu. Imetoka kilo 1.31. Yaani gramu 360 za hewa ya kulipia. Akavuta vakyum karibu saa nzima, akafunga, akasubiri kuona kama sindano itapanda, haikupanda. Kwa hiyo tundu halimo. Akarudisha 0.95 kwa mtungi uliopinduliwa kichwa chini, akaosha koili ya nje. 70,000 kazi yote.

Saa 2 usiku tumewasha, pampu inapiga, birika liko juu kwa makusudi. Soketi inasoma 203. Nnng fupi, ikawaka. Kakaa na kipimajoto chake: hewa inayoingia juu ya mashine 29, inayotoka mdomoni 17. Alisema tofauti ikiwa kati ya 8 na 12 yeye anakwenda kulala.

Yule fundi wa mwanzo kapiga simu leo asubuhi kuuliza kama nimeamua kuhusu kompresa.

ShogaWaMwera · saa 4:06 usiku

Ukamjibu nini??

BintiTomondo · saa 4:08 usiku

Nimempa mama azungumze naye.

MwanaWete · Jumamosi, saa 4:50 asubuhi

Fundi wa Nungwi, upo? Nimepaka sabuni. Nati kubwa, upande wa chini. Mapovu madogo madogo yanatoka mfululizo, na doa la mafuta lipo kama ulivyosema, nilikuwa nalifuta kila mwaka nikidhani ni uchafu wa kunguru.

FundiNungwi · saa 4:58 asubuhi

Usiikaze. Fleya iliyopasuka haizibiki kwa kukaza, itapasuka zaidi. Gesi itolewe, bomba likatwe inchi moja, ifanywe fleya mpya. Chake Chake wapo mafundi wenye kifaa.

MwanaWete · saa 5:03 asubuhi

Nshaikaza.

FundiNungwi · saa 5:04 asubuhi

Mapovu?

MwanaWete · saa 5:04 asubuhi

Makubwa.